Corolla ya 2012, Minneapolis: niandae nini kabla baridi haijakaza?

MgeniWaKaskazini
Wakuu, habarini. Gari ni Corolla ya 2012, injini ya lita 1.8, gia otomatiki, maili 118,000. Maisha yake yote limekuwa Texas, sasa liko Minneapolis na linalala nje barabarani, hakuna gereji. Tairi zimeandikwa M+S (matope na theluji), bado si vipara. Kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye chupa ni ya waridi iliyofifia. Betri haina tarehe inayosomeka. Stika ya oili inasema 10W-30. Bajeti ni dola 700 hivi. Nianze na nini, na kipi kinaweza kungoja?

Spana17
Karibu, mkuu. Anza na kulanti na betri kabla hujaifikiria theluji yenyewe. Theluji itakuchelewesha tu; baridi ndiyo inayopasua injini. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi -33 za Selsiasi, kwa hiyo liandae gari kwa usiku kama ule.

Kulanti iliyofifia kwenye gari la Texas inatia shaka. Kule mtu anaweza kuongeza maji ya bomba mwaka mzima, kama wengi wanavyofanya Dar au Mombasa, na gari lisilalamike. Mchanganyiko wa nusu glikoli (dawa ya kuzuia kuganda) na nusu maji huganda kwenye -37 hivi. Glikoli ikibaki theluthi moja, unaishia -18. Ikibaki robo, -12. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hapo rejeta hupasuka, au bloku yenyewe, yaani mwili wa injini. Kabla ya kufika huko kuna dalili inayowachanganya watu: kulanti inakuwa uji wa barafu ndani ya rejeta, haizunguki, kwa hiyo injini inachemka huku nje kuna baridi kali na hita inapuliza hewa baridi. Ukiona hivyo zima gari papo hapo.

Nunua kipimo cha kulanti cha kufyonza, ni dola chache. Pima injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto. Kikionyesha kulanti itaganda kabla ya kufika -34, mwaga na ujaze upya. Kulanti ya waridi ya Toyota inauzwa ikiwa tayari imechanganywa nusu kwa nusu, usiiongezee maji. Wala usidhani glikoli tupu ni bora zaidi: bila maji huganda karibu na -13. Ukishajaza, washa injini na hita ikiwa kwenye joto la mwisho ili hewa itoke, endesha siku mbili, kisha pima tena, kwa sababu kulanti nyingine hubaki ndani ya bloku na huchanganyika na mpya.

Betri: kwenye -18 inatoa karibu nusu ya nguvu zake za kawaida, wakati huohuo oili imekuwa nzito na starta inadai umeme zaidi. Pima kwa mita ya volti asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiona 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Volti pekee hazitoshi, betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 na bado ikashindwa kuzungusha injini. Duka la vipuri litaipima kwa mzigo, mengi hayatozi. Kwa kuwa tarehe haijulikani, mimi ningebadilisha. Angalia namba ya CCA, yaani amperi inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye -18. Isiwe chini ya ile ya kiwandani, na ikizidi ni heri.

NjiaYaDuluth
Nakubaliana na Spana17, ila sehemu kubwa ya hizo 700 iende kwenye tairi. M+S ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu mifereji, hakuna kipimo cha theluji nyuma yake. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo tairi imejaribiwa kwenye theluji. Tofauti kubwa iko kwenye mpira: tairi za kiangazi na nyingi za misimu yote huanza kukakamaa joto likishuka chini ya 7, hata kama barabara ni kavu.

Weka nne. Corolla inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo wengi hununua mbili na kuziweka mbele. Gari linaondoka vizuri, halafu kwenye kona au ukishika breki mkia unakupita, kwa kuwa nyuma hakuna kinachoshika. Mifereji ikibaki chini ya milimita 4.8, tairi hiyo kwa theluji imekwisha, hata kama kisheria bado inaruhusiwa.

Upepo wa tairi hupungua kama psi 1 (kizio cha shinikizo) kwa kila nyuzi 5.6 zinazoshuka. Ulichojaza kwenye 15 kitakuwa kimepungua psi 6 hivi kwenye -20. Jaza asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilicho kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Ukishauriwa kupunguza upepo ili tairi ishike zaidi, hilo ni la mchanga, si la lami yenye barafu.

MgeniWaKaskazini
Asanteni sana. Mambo mawili zaidi: nimeambiwa nimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, na niache injini iungurume dakika 15 kila asubuhi. Ni sahihi?

Spana17
Yote mawili hapana. Maji ya moto hupasua kioo, hasa kama kina ufa mdogo wa jiwe, na yanayobaki huganda tena kwenye waipa na mlango. Tumia kikwangulio, na uzime waipa kabla ya kuzima gari. Kwenye tenki la kuoshea kioo toa dawa yote ya kuoshea iliyotoka Texas, weka ya buluu iliyoandikwa -20 za Farenhaiti, yaani -29 zetu. Maji yakiganda humo pampu inakufa.

Injini: dakika moja inatosha, kwenye baridi ya chini ya -20 ipe tatu hadi tano, kisha endesha polepole mpaka sindano ya joto ipande. Ikiunguruma tu inachelewa kupata joto, na petroli isiyoungua vizuri inashuka kwenye oili. Na hiyo oili ibadilishe iwe 0W-20, ambayo ni nyepesi kwenye baridi kuliko 10W-30, lita 4.2 pamoja na filta.

La muhimu kuliko yote: kabla ya kuwasha, fukua theluji kwenye mdomo wa eksozi. Ukiziba, kaboni monoksaidi huingia ndani ya gari, haina harufu, na inaua.

NjiaYaDuluth
Kwa kuwa gari linalala barabarani, hita ya bloku (ya umeme, ya kupasha injini usiku) itakusumbua, huna pa kuchomeka. Usiku wa -30 ingiza betri ndani ya nyumba. Spana ya milimita 10. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Asubuhi funga chanya kwanza, hasi mwisho. Na ukikuta betri imevimba mbavuni, imeganda: usiistue kwa nyaya za jampa, inaweza kulipuka.