Kaseti zilizorekodiwa redioni: nitajuaje ni MW au FM, na ni za miaka gani?

Mkomani_Juu:

Salaam aleikum jamaa. Kuna sanduku la kaseti 43 hapa Lamu, nyingi C60 na C90, chache C120 (nambari ni dakika za pande zote mbili). Zote zilirekodiwa majumbani, na juu hazina maandishi ila "taarabu" au "salamu". Nia ni kuzitia kwenye kompyuta na kupanga historia ya muziki kwenye redio za Mombasa, tangu enzi za Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati huo, mpaka FM zilipoingia. Nianze wapi ili nisiziharibu? Nitatofautishaje iliyorekodiwa MW (mawimbi ya kati) na ya FM? Na je, FM ya Mombasa ilikuwa inafika Lamu, au kaseti hizo zilisafiri tu?

Fundi_Langoni:

Waleikum salaam bwana. Historia baadaye. Kwanza ishike kila kaseti mbele ya mwanga uitazame kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni koga, usiicheze. Koga ya kaseti moja ikigusa hedi (kichwa cha mashine kinachosoma utepe), inaambukiza zote zitakazofuata. Zitenge, uzitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika geli, siku 7 mpaka 10. Ndipo uzifungue, umevaa barakoa, upanguse kingo kwa pamba kavu.

Zenye skrubu 5 zinafunguka vizuri. Zilizogandishwa kwa gundi utazipasua kwa kisu kwenye mshono, kisha uhamishe utepe na magurudumu yake kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Chunga upande: ukiugeuza utepe, mgongo ndio utakaogusa hedi na utasikia mvumo mzito tu.

Tazama pia kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe kwenye hedi. Kimebandikwa kwenye kibati cha shaba. Kwetu huku chumvi inakila kibati, na joto linaiachisha gundi. Sufi ikidondoka, sauti inakuwa ya mtu aliyeziba mdomo kwa leso, na watu wanaulaumu utepe bure. Kitoe kwenye kaseti isiyo na thamani, ukihamishe.

C120 usizikimbize mbele wala nyuma. Utepe wake una unene wa maikromita 9 hivi, nusu ya ule wa C60. Unanyooka kama uzi wa mpira, ukajizungusha kwenye mhimili (kijiti cha chuma kinachouvuta utepe), na hapo ni kuukata kwa mkasi.

Hedi na mhimili safisha kwa spiriti ya isopropili ya 90% kwenda juu, kila baada ya kaseti mbili tatu. Rola ya mpira iguse kidogo tu, spiriti nyingi huukausha mpira.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni pembe ya hedi, yaani ilivyosimama wima mbele ya utepe. Hedi ina skrubu mbili: moja imekazwa, nyingine ina springi chini yake. Ya springi ndiyo ya kurekebisha. Itie alama ya kalamu kwanza, weka sauti kuwa mono, kisha zungusha polepole. Robo ya mzunguko inatosha. Simama pale "s" za mtangazaji na njuga za tari zinapokuwa kali kuliko kwingine. Itabidi urudie kwa kila kaseti, maana kila redio kaseti iliyorekodi ilikuwa na pembe yake. Dolby (kitufe cha kupunguza kelele za utepe) izime. Rekodi kwa biti 24, 48 kHz, na vilele visipite -6 dB.

Mawimbi_Malindi:

Fundi amemaliza upande wa mashine. Mimi nachukua swali la pili na la tatu.

Ifungue sauti kwenye programu ya Audacity, ubadilishe mwonekano uwe spektogramu (picha ya sauti: nyembamba juu, nzito chini). Kaseti ya MW utaiona imekatwa kama kwa rula karibu na 4.5 au 5 kHz. Juu ya hapo ni mchakacho wa utepe wenyewe. FM kwa kanuni hubeba sauti mpaka 15 kHz, lakini usiitafute 15 hiyo. Redio kaseti ya kawaida yenye utepe wa ferriki (oksidi ya chuma) ilikuwa inaishia 10 kHz hivi, au chini. Angalia baina ya 5 na 8: kuna sauti inayopanda na kushuka pamoja na muziki? Kama ipo, MW si.

Lakini ikiwa haipo, usikimbilie kusema ni MW! Pembe ya hedi ikikosewa, FM nzuri kabisa hukatwa vivyo hivyo. Ndiyo maana pembe hurekebishwa kabla ya kurekodi, si baada.

Sikiliza pia aina ya kelele. MW ina mipasuko ya radi, hasa ya masika, na usiku sauti huzama na kuibuka polepole, kwa sababu wimbi linalotambaa ardhini linakutana na lile lililorudi kutoka angani. FM dhaifu hutoa "shhhh" laini. Tena FM hufuata stesheni yenye nguvu zaidi: mbili zikiwa kwenye masafa mamoja, moja hukatika ghafla na nyingine kuingia, hazichanganyiki kama MW.

Kuhusu kufika Lamu: mlingoti wa mita 150 na antena ya nyumba ya mita 10, upeo wa redio ni 4.12 × (√150 + √10), kama kilomita 63. Mombasa mpaka Malindi kwa mstari ulionyooka ni kama 105, mpaka Lamu inapita 230. Kwa hiyo siku za kawaida haifiki bila mtambo wa kurusha tena njiani. Isipokuwa kaskazi, Disemba mpaka Machi. Hewa kavu yenye joto ikikaa juu ya hewa yenye unyevu iliyolalia bahari, wimbi linabanwa katikati na kwenda mbali ajabu, hasa jioni. Linadumu dakika kadhaa au saa kadhaa, halafu linapotea bila kuaga. Kaseti yenye FM safi dakika 45 bila kuyumba, mimi ningesema ilirekodiwa Mombasa ikaletwa na basi.

Sanduku_la_Sauti:

Kwa miaka, acha muziki, sikiliza maneno. Wimbo wa zamani hupigwa hata leo, kwa hiyo wimbo unakwambia tu kwamba kaseti si ya kabla yake.

Jina la stesheni linasaidia sana. KBC (Shirika la Utangazaji la Kenya) ya kwanza ilianzishwa 1961, ikageuzwa Sauti ya Kenya Julai 1964, jina la KBC likarudi 1989. Kaseti nazo Philips alizitoa 1963. Basi ukisikia "KBC", hesabu 1989 kwenda mbele, labda iwe imenakiliwa kutoka utepe wa studio. "Sauti ya Kenya" ni kabla ya hapo. Na taarifa ya habari ikianza na Mzee Jomo Kenyatta akiwa Rais, ni kabla ya Agosti 22, 1978.

FM za kibinafsi Kenya zilianza na Capital FM Nairobi mwaka 1996. Za kwetu, kama Baraka FM, Radio Rahma na Radio Salaam, ni majina ya miaka ya 2000. Usikubali mtu akwambie kaseti ya Radio Rahma ni ya 1992.

Matangazo ya biashara nayo ni hazina. Nambari ya Mombasa ikitajwa kwa 011 ni ya zamani, 041 ndiyo mpya. Ikitajwa 0722 au 0733, tayari ni 2000 au baadaye. Na kwenye vipindi vya salamu, sikiliza zilifikaje: kadi na sanduku la posta, au ujumbe wa simu?

Tena, taarabu nyingi si za redioni kabisa. Zilirekodiwa harusini na kunakiliwa madukani Mombasa, Mbwana Radio Service wakiwa miongoni mwa wanaojulikana. Vigelegele vilivyo karibu na maikrofoni, watu wakitunza, hakuna mtangazaji baina ya nyimbo: hiyo iandike "harusi", usiitie kwenye historia ya redio.

Mkomani_Juu:

Ahsanteni sana. Ya kwanza imetoka: "Sauti ya Kenya", imekatwa 5 kHz, na kuna mstari wa mvumo kwenye 52 Hz. Mvumo wa umeme wetu hutakiwa uwe 50 Hz. Nipunguze kasi kwa 3.85%?

Mawimbi_Malindi:

Hesabu ni sahihi, 50 gawa kwa 52. Redio ikirekodi polepole, deki (mashine ya kuchezea kaseti) ya kawaida itaicheza haraka. Ila kwanza simamisha utepe, acha deki ikiwa imewaka. Mstari ukibaki, mvumo ni wa deki yako. Ukipotea, umo kwenye utepe.

Fundi_Langoni:

Naongeza: Lamu kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli, na jenereta ikielemewa au ikipunguziwa mzigo, 50 hiyo haitulii. Kwa kaseti ya Mombasa mvumo ni kipimo kizuri, kwa ya Lamu ni dokezo tu. Tafuta kaseti hiyo hiyo ilipofika saa kamili. Kama mwenyewe alikuwa amehamia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, zile pipu 6 ni za 1,000 Hz, sekunde moja moja. Ukizipima zikasoma 1,040, punguza kwa 3.85% bila wasiwasi. Nakala ya asili iache ilivyo, rekebisha kwenye nakala ya pili.