Gari la kulala ndani au Hiace na dereva? Wageni waja Desemba

BabaWatatu (Jumapili, saa 3 usiku)
Asalaam aleikum wote. Nina wageni waja Desemba na shemeji yangu keshanitia wazimu. Yeye ataka tukodi lile gari la kulala ndani, lenye kitanda, jiko na sinki, tuzunguke nalo na watoto mpaka Tsavo. Nimepata moja, mtu akodisha huku Nyali, elfu 18 kwa siku, mafuta juu yangu. Upande wa pili jirani yangu ana Hiace, elfu 12 pamoja na dereva, mafuta pia juu yangu, na tulale kwenye mabanda au hoteli. Au tuchukue treni? Nipeni maoni, nataka kulipa arubuni wiki hii.

mama_sabra
Wa aleikum salaam. Mko wangapi? Watoto wa umri gani? Siku ngapi? Umeuliza bei ya mchuzi bila kusema wali ni wa watu wangapi.

Kibokoni77
Hiace. Mjadala umekwisha.

FundiChangamwe
Haujaanza. Baba, hilo gari la Nyali ni gari gani hasa? Limetoka kiwandani hivyo, au ni Hiace ya matatu iliyong'olewa viti na kutiwa godoro? Na nani ataendesha?

BabaWatatu
Samahani, nilikuwa dukani kuna wateja. Tuko mimi na mke wangu, watoto watatu (miaka 11, 7, na mdogo mwaka na nusu), na mavyaa wangu ambaye magoti yamsumbua. Wageni ni dadangu, mumewe, na watoto wao wawili, 14 na 9, watoka Leicester. Siku 5. Gari ni Hiace ya zamani, paa limeinuliwa, lalala watu 4. Shemeji asema ataendesha yeye, ashawahi kukodi kama hilo huko Scotland wakalala ndani siku 8 na hawakupata tatizo.

mama_sabra
Kumi! Gari la wanne! Mavyaa utamlaza wapi, kwenye sinki?

BabaWatatu
Wanne watalala ndani, waliobaki kwenye hema.

mama_sabra
Hema. Tsavo. Na mtu wa magoti. Mkeo amekubali haya au hujamwambia?

BabaWatatu
Bado.

FundiChangamwe
Sasa nisikilize, hii ndiyo kazi yangu. Kwanza omba kuona logibuku, ile hati ya gari. Ikiwa imeandikwa viti 4, basi bima ni ya watu 4. Ukipakia kumi likapinduka Maungu, kampuni ya bima itakupa pole na mkono mtupu. Pili, watoto hukaa wapi gari likitembea? Kwenye kitanda hakuna mkanda. Breki moja ya ghafla nyuma ya lori, na hiyo barabara ni malori kutoka bandarini mpaka mwisho, mtoto aruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Tatu, uzito. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100, hiyo ni kama umempakia mtu mzima mnene. Tia mtungi wa gesi, kabati za mbao, betri ya pili, friji, mizigo ya Leicester. Tairi na springi ni zile zile. Nimeyapokea magari hayo hapa gereji, springi za nyuma zimelala kama ngamia.

Scotland ni Scotland. Kushoto yeye yuwajua kuendesha, sikatai, lakini matuta yasiyo na alama hajayajua.

TudorMpakaKanada
Nami niseme neno, maana huku niliko haya magari ni jambo la kawaida kila kiangazi. Si gari tu linalofanya safari iwe rahisi. Ni kwamba ukifika kambini kuna nguzo ya umeme unachomeka, kuna bomba unajaza maji safi, na kuna shimo maalumu la kumwaga maji ya choo. Tangi la choo hujaa haraka, familia ya watu 5 mnalimwaga kila baada ya siku mbili au tatu. Hapo nyumbani shimo hilo utalipata wapi kati ya Mariakani na Voi? Shemeji akumbuke hilo kabla hajasema neno Scotland tena.

AmiWaLikoni
Nisikilizeni mie, nilishafanya huu wazimu. Mwaka juzi mwezi wa Agosti nilikodi gari kama hilo kwa mtu, simtaji. Picha zilikuwa nzuri, mashuka meupe, taa ndogo ndogo. Tukatoka saa 12 asubuhi, mimi, bibi na watoto wanne. Kufika Samburu, hii Samburu yetu ya Kwale, friji ishazimika. Ndani mulikuwa na kilo nne za samaki, changu na tafi, bibi ashawatia ndimu na pilipili. Nampigia mwenye gari, aniambia friji haifanyi kazi gari likitembea. Basi yafanya lini? Ati ukichomeka umeme ukutani. Ukuta wa nani pale Taru?

Maungu, pancha. Spea ipo, lakini iko chini ya kitanda, na juu ya kitanda kuna watoto wawili wamelala na sufuria ya pilau. Tukalitoa godoro kando ya barabara. Jeki ilikuwa ya gari dogo. Kila lori likipita, gari latikisika juu ya jeki, nami niko nusu chini yake nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Usiku tukalala kambi moja Tsavo Mashariki. Ukifunga madirisha wafa kwa joto, ukifungua mbu. Saa 8 usiku mtoto wa pili ataka choo. Choo chenyewe ni kidude cha plastiki chini ya kiti, na ndani mna watu 6. Hapo sisemi zaidi. Asubuhi namuuliza mlinzi wa kambi pa kumwaga, akaniangalia kama nimemtukana mamake.

Huku twabishana, nyani wakaja. Dirisha la ubavuni ni la kusukuma. Dume mmoja akalisukuma kwa mkono kama mtu, likang'oka, akatoa mfuko wa mahamri wote, akapanda juu ya paa akakaa, ala moja moja huku yuwatutazama. Bibi alilia. Si woga. Yale mahamri aliyakanda usiku kucha.

Tukarudi siku hiyo hiyo. Pesa za siku tatu zilizobaki hazikurudi, tena nikakatwa kwenye amana ati nimevunja dirisha. Nyani kavunja, nimelipa mimi.

Kibokoni77
Pole Ami. Lakini tafi mwampeleka Tsavo kufanya nini? Huko si mbuzi ndio mahali pake?

AmiWaLikoni
Kibokoni, hiyo ndiyo uliyoisoma katika yote?

Kibokoni77
Nauliza tu. Tafi hakai saa tatu nje ya barafu, hilo lajulikana hata na mtoto.

mama_sabra
Tafi ukimkausha kidogo kwa chumvi na bizari afika mpaka Nairobi. Mamangu akimsafirisha kwa basi.

MwanaWundanyi
Mimi naona mnalipa pesa kwenda kuungua na joto Tsavo wakati milima ya Taita iko pale pale. Mkifika Voi pindeni kushoto, Mwatate, kisha mpande Wundanyi. Mko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, usiku mnatafuta blanketi mwezi wa Desemba. Watoto wataona mapango ya mafuvu, wakubwa wapande kilele cha Vuria. Wageni kutoka Uingereza joto la bondeni litawaangusha siku ya kwanza. Nyumba za kulala wageni zipo, mama mzee atapata kitanda cha kweli.

FundiChangamwe
Kona za kupanda Wundanyi na hilo gari lenye tangi la maji? Nasubiri simu yako hapa gereji.

MwanaWundanyi
Nilisema Hiace, fundi.

KapteniShimoni
Kwani lazima bara? Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe yote, hamna haja ya kusubiri feri Likoni. Mnatokea Miritini upande ule, mnaingia Kwale, mpaka Shimoni mchana mshafika. Mashua mpaka Kisite, watoto waone pomboo. Mkitaka ndovu, Shimba Hills iko njiani.

AmiWaLikoni
Watu wametoka Leicester waje waone bahari? Wanaiona kila siku wakija kwa mavyaa.

KapteniShimoni
Leicester haina bahari, Ami.

BabaWatatu
Jamani, wageni wataka simba. Hilo halibadiliki.

mama_sabra
Basi swali ambalo hakuna aliyeuliza. Dadako na mumewe wana pasi za wapi? Maana getini malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, pesa taslimu hawapokei, na mwenyeji na mgeni hawalipi sawa. Mgeni alipishwa kwa dola na ni mara nyingi ya tunacholipa sisi. Watoto pia. Ukiingia siku mbili hiyo ndiyo bei kubwa, si gari.

BabaWatatu
Dadangu ana kitambulisho cha hapa. Shemeji na watoto ni pasi za Uingereza. Lo, hilo sikulipigia hesabu.

mama_sabra
Piga. Halafu ingieni siku moja tu, alfajiri geti la Voi likifunguliwa saa 12, mtoke jioni kabla ya saa 12. Bwawa la Aruba, mwamba wa Mudanda, yatosha. Siku nyingine zote kaeni nje ya hifadhi. Voi na kandokando yake kuna malazi ya kila bei, na ndovu wengine hupita nje ya ua bila wewe kulipa kitu.

FundiChangamwe
Mkipata siku ya pili nendeni Tsavo Magharibi, chemchemi za Mzima. Kuna chumba cha vioo chini ya maji waona samaki, na ukibahatika kiboko. Na ndiko maji ya mfereji wa Mombasa yanakotoka tangu miaka ya 1950. Waulizeni viboko mbona mfereji wangu hapa Changamwe una wiki ya tatu haujatoa hata tone.

Kibokoni77
Kibokoni yatoka Jumanne na Ijumaa.

FundiChangamwe
Hongereni.

Dereva_Mstaafu
Nimeendesha njia hiyo miaka 26. Hiace na dereva anayeijua, shemeji akae mbele apige picha. Tokeni mapema, pumzikeni Mackinnon Road, mzuru pale kaburini kwa Sayyid Baghali mnyooshe miguu. Dereva gani wa Mombasa apita pale moja kwa moja? Sisi tulikuwa tukisimama hata na abiria Wakristo, kila mtu ashuka.

Kibokoni77
Hayo ya kuzuru ili usipate pancha ni mambo ya kale.

Dereva_Mstaafu
Sikusema pancha. Nimesema miguu. Lakini kwa kuwa umeitaja pancha, Ami alisimama pale?

AmiWaLikoni
...Hatukusimama. Samaki walikuwa washaanza kunuka.

Dereva_Mstaafu
Basi.

Msimamizi
Turudini kwenye gari tafadhali. Mambo ya ziyara yana ukumbi wake.

MkambaWaEmali
Mimi naona mmesahau kwenda mbele. Makindu pale hekaluni kwa Masingasinga mnakula bure na mnalala, mnaacha mchango mnaoweza. Kisha Emali mnakata kushoto, Amboseli, mlima Kilimanjaro huo hapo. Tsavo ni vumbi tu.

mama_sabra
Siku tano, mtoto wa mwaka na nusu, umpeleke Amboseli. Una watoto wewe?

MkambaWaEmali
Bado.

BabaWatatu
Nimekaa na mke wangu jana. Gari la kulala ndani amelikataa kabla sijamaliza kusema, tena asema aliyelipendekeza akalale ndani yake peke yake nje ya nyumba. Shemeji kwenye simu amekasirika kidogo, asema tumemnyima ndoto. Nafikiria nimkodishie usiku mmoja alitie hapa uani.

TudorMpakaKanada
Mpe na mpira wa maji na waya wa umeme kutoka jikoni. Atajiona yuko Scotland.

BabaWatatu
Sasa tatizo jipya. Hiace ina viti 14 lakini mizigo ya watu kumi itajaa, na jirani asema mizigo juu ya paa hataki. Na mavyaa kasikia yote haya, naye asema hapandi Hiace wala kitu chochote cha barabara ya malori. Yeye ataka treni.

mama_sabra
Nilijua nitampenda. Wakubwa wapande treni, mizigo na shemeji waende na Hiace, mkutane Voi. Mpaka Nairobi daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, la kwanza 4,500, na mtoto wa miaka 3 mpaka 11 nusu. Mwashuka Voi kwa hivyo yapungua. Lakini kata tiketi mapema, Desemba watu wote waja pwani na wote warudi.

FundiChangamwe
Na ile ya kutoka mjini mpaka kituo cha treni Miritini na mikoba? Hesabu teksi pia, watu wengi husahau.

BabaWatatu
Sawa, hilo naliona. Arubuni bado sijatoa. Mavyaa ana swali moja tu: ataka kukaa dirishani upande wa ndovu. Ni upande gani?

Dereva_Mstaafu
Kulia ukitoka Mombasa. Tsavo Mashariki yote iko kulia, wale ndovu wekundu.

MwanaWundanyi
Kushoto. Safari tatu za mwisho nimewaona kushoto, wakielekea Taita.

Dereva_Mstaafu
Hao walikuwa wamevuka.

KapteniShimoni
Kulia ukiwa umekaa waangalia wapi? Daraja la kawaida viti vyatazamana.

mama_sabra
Mwulizeni Mavyaa kama akikaa kinyumenyume hupata kichefuchefu.

BabaWatatu
Namwuliza sasa hivi. Asema hupata.