Naomba ushauri: mchezaji wangu yuko tayari kurudi uwanjani baada ya upasuaji wa goti?

Habari wakuu. Nafundisha timu ya soka ya wasichana. Winga wangu alifanyiwa upasuaji wa ACL (kano ya mbele iliyo ndani ya goti), sasa anaingia mwezi wa 8 tangu apasuliwe. Goti halivimbi, anakimbia vizuri, na kila siku ananiuliza atacheza lini. Aliambiwa tu "ukijisikia vizuri, rudi". Jibu gani hilo!

Ninavyofahamu, asiguse mechi kabla ya miezi 9, na mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu za paja na kwa kuruka mguu mmoja. Kuruka napima kwa futi kamba, hapo anafaulu. Ila akitua, goti linaingia ndani, na kwenye kugeuka ghafla anasita. Tena ule mguu mzima nao umepungua nguvu kwa kukaa nje muda mrefu, ndiyo maana hiyo asilimia siiamini sana.

Mashine maalumu ya kupima nguvu za paja hatuna. Wataalamu wa fiziotherapia, naweza kutumia ile ya kawaida ya gym ya kunyoosha goti, nikalinganisha uzito anaoinua kila mguu? Na hiyo hofu yake mnaipimaje?