Re: Kubadili mtindo wa kusomesha watoto nyumbani tukiwa safarini (Shela, kisha Malindi)

Dada, wa alaykum salaam.

Swali lako lina mambo mawili: mtindo mpya na makao mapya. Usiyafanye wiki moja. Mtoto aliyetua uwanja wa ndege wa Manda leo akavuka kwa boti hadi Shela kisiwani Lamu, kesho ukimpa vitabu vigeni atavichukia vitabu, kumbe kinachomsumbua ni joto na usingizi. Wiki mbili za kwanza endeleeni na hesabu na kusoma kwa vitabu vile vile vya zamani, dakika 20 hadi 30 kila somo. Mengine yote yangoje.

Ukianza kubadilisha, hesabu iwe ya mwisho. Historia na sayansi huanzia popote, lakini hesabu ni ngazi. Mtaala mmoja huleta sehemu na desimali mapema, mwingine huzichelewesha, na mtoto anayehama katikati huruka mada nzima bila mtu kujua, hadi afike aljebra akwame. Kabla ya kununua kitabu kipya mpe jaribio la kumpima kiwango. Wachapishaji wengi hulitoa bure. Usitazame alama, tazama makosa yamelundikana wapi, na pengo hilo lizibe kwa kitabu alichokizoea.

Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa haifai kwa msafiri. Kama siku ya kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi huangukia Jumatano, somo la Jumatano ndilo hufa kila mara. Hesabu na kusoma vibaki kila siku. Sayansi, historia, jiografia na sanaa vipange foleni. Mkiishia sayansi leo, mtakapokaa tena, hata baada ya siku nne, mnaanza na linalofuata. Hakuna deni la masomo.

Kwa masomo ya mada, msibebe kitabu cha miradi hadi Lamu. Maji yanatosha. Tieni ufito alama kila sentimita 10, muufunge kwenye nguzo ya gati pasipopigwa na mawimbi, mpime kina cha maji kwa siku 15: bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), hadi bamvua tena. Wengi hukosea kwa kupima saa ile ile kila siku, grafu ikatoka haina kichwa wala miguu, kwa sababu maji kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Anzeni kupima nusu saa kabla ya maji kujaa, kila dakika 10, mpaka yaanze kupwa. Tarehe ya mwezi mwandamo iandikwe pembeni. Uhusiano wake na bamvua mtoto atauona mwenyewe.

Hesabu ya boriti, miti ya mikoko inayobeba dari, nayo ni nzuri: korija ni 20, basi bei ya korija igawanywe, na mtoto apime upana wa vyumba vya nyumba za mawe ajue kwa nini ni vyembamba.

Langoni, Lamu

---

Nyongeza yangu kutoka Malindi juu ya makaratasi, maana hapo ndipo watu hunaswa.

Mkikusudia kuwarudisha watoto shule za Kenya, amueni kabla ya Darasa la 4. Kwenye KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Darasa la 6, mtihani hubeba asilimia 40 tu. 60 ni tathmini za shuleni kuanzia Darasa la 4, na mtoto wa safarini hana. KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Darasa la 9, nayo huchukua asilimia 20 kutoka KPSEA na 20 kutoka tathmini za Darasa la 7 na la 8. Anayerudi ghafla Darasa la 8 hukuta nafasi hizo tupu.

Kwa IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wa mfumo wa Uingereza, mtahiniwa wa binafsi hutafuta kituo yeye mwenyewe. Vipindi ni Mei/Juni na Oktoba/Novemba. Ulizeni miezi sita kabla. Kwenye sayansi chagueni karatasi iliyo badala ya maabara, na epukeni masomo yenye kazi za kusahihishwa na mwalimu wa shule.

Mliosajiliwa makazi Ujerumani, kule elimu ya nyumbani hairuhusiwi, na kusafiri peke yake hakuwaondolei wajibu. Ufaransa, tangu 2022, mzazi huomba kibali. Kutoa taarifa tu hakutoshi tena.

Malindi

---

Mawili madogo kutoka kwangu Mkomani, Lamu. Karatasi Lamu hunyonya unyevu na kuota ukungu: sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na penseli badala ya kalamu ya wino. La pili, mwalimu wa mtandaoni aliye London. Kipindi chake cha saa 4 asubuhi ya kwao ni saa 7 mchana kwetu wakati wa baridi, lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa, kikawa saa 6. Hapo kitagongana na adhuhuri. Mwombeni mapema asogeze hadi saa 5 ya kwao.

Mkomani