Tiba ya nishati: ni haki hospitali kumtoza mgonjwa?

Wakuu, kuna mdau kadai kwamba Reiki (tiba ya Kijapani inayodai kumpa mgonjwa nishati kwa mikono) na "mguso wa tiba" vinatolewa kwenye hospitali za Marekani, kwa hiyo nasi tuvikubali. Kutolewa Marekani si ushahidi. Ushahidi upo, tuuangalie.

Watabibu wa mguso hupitisha viganja juu ya mwili bila kuugusa (jina lisikupoteze), wakidai wanaihisi nishati ya mgonjwa na kuiweka sawa palipovurugika. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa huko, JAMA, likachapisha jaribio la Emily Rosa wa Colorado, aliyelianza akiwa na miaka 9 kwa maonyesho ya sayansi shuleni. Alisimamisha kadibodi yenye matundu mawili. Mtabibu anapenyeza mikono, viganja vikitazama juu. Upande wa pili Emily anarusha sarafu kuchagua kulia au kushoto, anasogeza kiganja chake juu ya mkono huo, kisha anauliza: niko mkono upi?

Watabibu 21, majaribio 280. Walipatia asilimia 44. Hata kwa kubahatisha tu wangekaribia 50!

Jibu: Mkuu, huyo binti alipima kuhisi, hakupima nafuu. Mama mwenye saratani akipata usingizi baada ya Reiki, unamnyima ili iweje?

Mwanzisha mada: Hoja nzito hiyo dada, na simnyimi. Ila mtabibu anasema anarekebisha kitu anachokihisi. Kama hakihisi, anarekebisha nini? Na nafuu nayo imepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua watu 100 wenye fibromaljia, yale maumivu sugu ya mwili mzima. Baadhi walihudumiwa na wataalamu wa Reiki, wengine na waigizaji waliofundishwa kuigiza tu. Kwenye maumivu hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo mama akilala, mimi nasema kilichomlaza ni utulivu na mtu wa kumshughulikia yeye peke yake. Apewe hicho, lakini asiandikiwe risiti ya "nishati".

Jibu jingine: Nakubaliana na vipimo, kaka. Lakini nesi ni mmoja wodi nzima, sindano zinamsubiri, dripu zinaisha. Huyo wa kukaa na mama atatoka wapi? Bajeti haina fungu la mtu wa kukaa tu na mgonjwa. Ikiitwa tiba, fungu linapatikana.