MREJESHO: Kazi iliyoganda kwenye PD hatimaye imekimbia

Wakuu, Jumatano niliuliza kwa nini kazi yangu kwenye foleni ya Slurm (programu inayopanga kazi za watumiaji kwenye kompyuta nyingi za pamoja) imekaa PD (pending, yaani inasubiri) siku mbili wakati sinfo, amri ya kuona hali ya mashine, inaonyesha mashine kadhaa ziko idle, yaani hazina kazi. Nimeleta mrejesho.

Mdau mmoja aliniambia nisiishie kwenye herufi PD, nisome safu ya mwisho ya squeue, amri inayoonyesha kazi zilizo kwenye foleni. Kweli, pale palikuwa na sababu: ReqNodeNotAvail, Reserved for maintenance, yaani mashine hazipatikani kwa sababu zimetengwa kwa matengenezo. Nikapiga scontrol show res, amri ya kuona mashine zimetengwa lini, nikakuta matengenezo yanaanza Jumamosi saa 2 asubuhi. Mimi niliomba siku 7 kwa kazi inayohitaji saa 9 tu! Slurm haianzishi kazi ambayo muda wake ulioombwa unagongana na matengenezo, hata mashine zikiwa wazi.

Sikuifuta wala kuituma upya. Nilipunguza muda tu:

scontrol update jobid=<namba> timelimit=12:00:00

Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kupunguza. Kuongeza ni kazi ya msimamizi. Dakika chache baadaye PD ikageuka R (running, yaani inakimbia). Nilifurahi mno, maana nilishaanza kuandika barua ya kulalamika kwa msimamizi, naye hakuwa na kosa lolote.

Asubuhi kazi haikuwepo kwenye squeue. Msishtuke mkiona hivyo: squeue huonyesha zilizo hai. Iliyokwisha tafuta kwa sacct, amri ya kumbukumbu za kazi. Yangu imeandikwa COMPLETED, 0:0, yaani imekamilika bila hitilafu.

Ahsanteni sana, hasa aliyenielekeza kwenye ile safu.