Kupima mashamba ya Kabare na Walungu kwa kamba iliyolala mlimani: acheni, mnawaibia watu!

Wababa, wamama, na ninyi makomisioneri mnaouza mashamba huku nje ya Bukavu: miaka yote hii jeometa, mpimaji wa ardhi, anaitwa wa mwisho, majirani wakishakamatana mashati, eti aje kusahihisha vipimo. Vipimo gani?

Mmoja anashika dekameta, ile kamba ya kupimia, juu, mwenzake anateremka nayo imelala kwenye majani, mnasoma 50, mnaandika 50. Kwenye plani, mchoro wa shamba, umbali unahesabiwa kana kwamba mlima umesawazishwa! Mteremko ukiwa wa digrii 20, mita 50 za kamba ni 47. Kwenye digrii 30 zinabaki 43 na kidogo. Kwa hiyo shamba la 50 kwa 40, lile 50 likiteremka mlima, linauzwa kama mita za mraba 2 000, kumbe kwenye digrii 20 ni 1 880. Mnunuzi kalipia 120 zisizokuwepo, na siku ya kuchimba msingi atazitafuta kwa jirani.

Hata asiye na mashine anaweza kupima sawasawa. Anzia juu, enda kwa vipande vya mita 5, pakiwa pakali zaidi hata 2. Dekameta iwe ya chuma, ivutwe ikaze, ilale sawa kwa nivo, kifaa cha kuonyesha usawa. Upande wa chini shusha timazi, piga kijiti pale inapogusa, endelea kutoka hapo. Inachosha, ndiyo. Kesi inachosha zaidi.

Wengine sasa wanazunguka shamba na simu mkononi. GPS ya simu, mahali pa wazi, inaweza kukosea mita 5 kwa kila pembe. Chini ya mikaliptusi au bondeni inakosea zaidi. Kwa hekta kumi za malisho inasaidia kukisia. Kwa parseli (kiwanja) ya 20 kwa 20 ni uongo mtupu.

Halafu mabone, zile alama za mpaka kwenye pembe za shamba. Fimbo ya chuma peke yake inang'olewa ikauzwe. Mwageni zege, sentimita 15 kwa 15, urefu 60 au zaidi, chuma katikati, na chini yake mkaa au chupa zilizovunjwa: bone likiondolewa, alama hiyo inabaki ardhini. Pembe ikiangukia ukingoni mwa korongo, msiliweke pale, mvua italichukua. Rudisheni nyuma juu ya mstari uleule, mita 2 au 3, na umbali huo uandikwe kwenye proseverbali, ile ripoti ya upimaji. Karatasi zinazosema "mpaka ni mwavoka wa mzee fulani" zinaniuma sana, maana mwavoka unakatwa kuni na mzee anafariki.

Na huu si ugomvi wa mita tu. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na sertifika, ile hati ya haki juu ya shamba, ikipita miaka 2 haiguswi tena. Aliyemegewa shamba lake anabaki kudai fidia. Mjane aliyepata shamba kwa kalinzi, ile zawadi ya kimila anayopewa shefu kwa ajili ya ardhi, bila karatasi ya kadastre, ofisi ya upimaji wa ardhi, atamshinda nani hapo?

Basi majirani wa pande zote na shefu wa lokalite (kijiji) wawepo siku ya kupima, waone kila bone likifukiwa, wasaini palepale shambani. Jeometa anayeleta proseverbali iliyoandikwa mezani, msimmalizie pesa yake.